Kunasa nebula na mafungu ya nyota kwa kamera: Suneka ina anga ambayo Ulaya haina

KATIKATI ya Februari, karibu saa tatu usiku, ikiwa hakuna mwezi na mawingu yametawanyika, mkazi wa Suneka akitoka nje na kuinua uso moja kwa moja juu huwa anatazama mahali nyota mpya zinapozaliwa. Kundinyota la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion, wakati huo limefika karibu na utosi. Kusini kidogo mwa zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja kiunoni mwake pana doa hafifu lenye ukunguukungu. Hilo ndilo nebula ya Orion, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,340.

Suneka ni mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Kisii, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Rongo na Migori. Unajulikana zaidi kwa uwanja wake wa ndege kuliko kwa nyota. Hata hivyo, mji huu uko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na jambo hilo pekee linaupa nafasi ambayo wapiga picha wa anga wa London na Paris hawanayo. Kinachomkwamisha mtu wa Suneka anayetaka kupiga picha za vitu hivi si jiografia, wala si lazima kiwe ukosefu wa darubini ya mamilioni. Ni mvua, taa, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya nchi nyingine na, mwishowe, macho ya jirani.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Nebula ni tanda kubwa mno la gesi na vumbi lililo kati ya nyota. Baadhi ya waandishi hulitafsiri 'wingu la angani', tafsiri inayotutesa sisi tunaohariri habari, kwa maana msomaji wa Kisii akiona 'mawingu ya angani' gazetini hukimbia kuanua nguo. Fungu la nyota ni nyota zilizozaliwa pamoja na ambazo bado zinasafiri pamoja, zikishikiliwa na mvutano wao wenyewe. Lisichanganywe na kundinyota, kama vile Jabari au Akarabu, ambalo ni sura inayoundwa na macho yetu tu. Nyota zake huenda zimeachana kwa mamia ya miaka ya nuru.

Mwaka wa nuru nao si kipimo cha muda bali cha umbali: ni masafa ambayo nuru husafiri kwa mwaka mmoja, takriban kilomita trilioni 9.5.

Fungu la nyota ambalo Waswahili wamelijua tangu jadi ni Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima, kwa kuwa kuzama na kuchomoza kwake kulitumiwa kukadiria majira ya mvua na ya kiangazi. Kwa macho matupu watu wengi huhesabu nyota sita au saba. Fungu zima lina zaidi ya elfu moja. Liko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Nuru inayoingia katika kamera yako usiku wa leo iliondoka huko katika karne ya 16, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mnamo 1593.

Kwa nini basi kamera, ilhali tuna macho? Sababu ni kwamba jicho halilimbikizi nuru. Kila sehemu ndogo ya sekunde hupokea kilichopo, hukipeleka kwenye ubongo, kisha huanza upya. Kamera huweza kuachwa wazi kwa sekunde kumi, dakika kumi au saa nzima, na kila chembe ya nuru iingiayo huongezwa juu ya zilizotangulia. Fauka ya hayo, chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi. Ndiyo maana mtu anayechungulia nebula ya Orion kupitia darubini ya kwanza maishani mwake aghalabu huvunjika moyo: alitarajia wekundu wa picha alizoziona vitabuni, naye anaona kijivu.

Wekundu huo si uongo wa wapiga picha. Unatokana na haidrojeni, ambayo ikichochewa na miale mikali ya nyota changa hutoa nuru nyekundu ya namna moja mahususi. Bahati mbaya ni kwamba kamera nyingi za kawaida huwa na kichujio mbele ya kihisi chake kinachopunguza nuru hiyohiyo, ili ngozi za watu zisionekane nyekundu mno katika picha za harusi. Picha ya nebula iliyopigwa kwa kamera ya studio basi huwa imepoa rangi kuliko ile iliyopigwa kwa kamera iliyoondolewa kichujio.

Mtu wa kwanza kuipiga picha nebula alikuwa Henry Draper, daktari wa Marekani, mnamo Septemba 30, 1880. Aliilenga nebula hiyohiyo ya Orion na kuiacha kamera wazi kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye, Mwingereza Andrew Ainslie Common aliipiga tena, na picha yake ikaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona hata kwa darubini. Mnamo 1885, ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha ya Kilimia na kukuta kando ya nyota iitwayo Maia utusitusi ambao hakuna aliyekuwa ameutambua. Leo inajulikana kwamba Kilimia linapita katikati ya vumbi, na vumbi hilo huakisi nuru ya buluu ya nyota zake. Si masalio ya kuzaliwa kwake. Fungu hilo lina umri wa takriban miaka milioni 100 na vumbi limekutana nalo njiani tu.

Sasa turudi Suneka. Dunia ni mviringo, hivyo kila mtu hufichwa sehemu fulani ya anga na upeo wa macho. Mkazi wa London hawezi katu kuona nebula ya Carina, ambayo ni kubwa kuliko ile ya Orion na iko mbali kusini. Mkazi wa Cape Town naye hana njia ya kuyaona mafungu mawili pacha ya Perseus, yaliyo mbali kaskazini. Mtu wa Suneka huona yote mawili. Nebula ya Carina humpandia kiasi cha digrii 31 juu ya upeo wa kusini, na mafungu ya Perseus kiasi hichohicho upande wa kaskazini.

Tofauti hiyo iliwahi kumgharimu mtu miaka minne ya maisha. John Herschel, mwanaastronomia wa Uingereza, alipotaka kuorodhesha nebula na mafungu ya nyota ya kusini, alilazimika kupakia darubini yake na familia yake melini hadi Rasi ya Tumaini Jema, akaishi huko kuanzia 1834 hadi 1838. Kutoka Gusii, sehemu kubwa ya orodha yake ya kusini na ile ya nyumbani kwao zingeonekana kutoka ua mmoja.

Chukulia usiku mmoja tu wa katikati ya Februari. Saa tatu, nebula ya Orion iko utosini na Kilimia linaelekea kushuka magharibi. Ifikapo saa nane usiku, nebula ya Carina iko juu kabisa katika njia yake upande wa kusini. Kabla ya alfajiri, Omega Centauri, fungu la mviringo lenye mamilioni ya nyota, nalo limepanda vizuri. Agosti huleta karamu nyingine: mkia wa Akarabu na eneo la Kausi, ambako Njia Nyeupe ni nene zaidi na ambako nebula ya Lagoon huonekana hata kwa darubini ndogo ya mikono miwili.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana. Karibu na ikweta jua huzama wima, na giza kamili hufika takriban dakika 70 baadaye. Kila usiku wa mwaka una saa tisa na zaidi za giza halisi. London, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, haina hata dakika moja ya giza la namna hiyo.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Kamera yoyote inayokubali kubadilishwa lenzi na kuachwa wazi kwa sekunde kadhaa inatosha, pamoja na stendi ya miguu mitatu iliyo imara. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa, kama zile wanazotumia wapiga picha wa harusi, inafaa kuliko lenzi ndefu ya bei kali. Simu pia si za kudharauliwa: Google ilizindua mwaka 2019, katika simu zake za Pixel, mtindo wa kupiga nyota unaokusanya nuru kwa hadi dakika nne. Simu zitaonyesha Njia Nyeupe na Kilimia kama kishada kidogo, lakini zisitarajiwe kutoa undani wa nebula.

Tatizo ni kwamba Dunia haitulii. Anga huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa, na nyota huacha mistari picha ikichukua muda mrefu. Wapiga picha hutumia kanuni rahisi: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, na jibu ndilo idadi ya sekunde unazoruhusiwa. Lenzi ya milimita 50 hupata sekunde 10. Kama kihisi cha kamera ni kile kidogo, kilicho katika kamera nyingi za bei nafuu, punguza hadi sita au tano. Jabari liko karibu na ikweta ya anga, ambako mwendo huonekana wa kasi zaidi, kwa hivyo heri kupunja kuliko kuzidisha.

Sekunde tano ni kidogo mno kwa nebula. Hapo ndipo panapohitajika subira. Badala ya picha moja, piga 200 zilizofanana. Kisha programu ya kompyuta huzipanga moja juu ya nyingine, nyota kwa nyota, na kutoa wastani wake. Chengachenga za kamera hutokea ovyo, hivyo hufutana. Nebula iko palepale katika kila picha, hivyo hujitokeza. Hesabu yake ni ya kipeuo cha pili: picha 100 hupunguza chenga mara 10, si mara 100. Programu za DeepSkyStacker na Siril hufanya kazi hiyo na hazilipiwi. Picha 200 za sekunde tano ni kama dakika 17 za nuru, na katika muda huo anga itakuwa imesogea digrii nne hivi, kwa hivyo kila baada ya dakika chache shurti ulenge upya.

Zingatia mambo matatu wanaoanza husahau. Hifadhi picha katika faili ghafi, si zile zilizobanwa. Lenga kwa mkono: chagua nyota angavu, ikuze kwenye kioo cha kamera, zungusha lenzi hadi iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiguse tena. Na kabla ya kufunga kazi, funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha 20 za giza tupu kwa mipangilio ileile. Programu hutumia hizo kuondoa kasoro za kihisi chenyewe.

Anayetaka kwenda mbali zaidi huhitaji mtambo wa kufuatilia nyota, unaoizungusha kamera kwa kasi ya anga. Hapa ndipo ikweta inapodai malipo yake. Mitambo ya kawaida ya aina hii ina mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga. Mtazamaji wa Ulaya huitafuta Polaris, nyota ya kaskazini, na kazi imekwisha. Suneka, Polaris iko kwenye upeo wenyewe, nyuma ya vilima na mikaratusi, na haionekani. Ncha ya kusini nayo iko chini ya digrii moja juu ya upeo. Mhimili basi hulazwa karibu sambamba na ardhi, na baadhi ya mitambo haikubali kulala kiasi hicho. Mingine hukubali, lakini uzani wake wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi.

Suluhisho lipo. Pima kwa dira, ambayo nchini Kenya hukosea kaskazini halisi kwa kiasi kidogo tu, sawazisha stendi kwa pimamaji ya fundi, halafu itazame nyota moja kwa dakika kadhaa uone inakoelekea kuponyoka, na urekebishe. Ni kazi ya kuchosha usiku wa kwanza.

Darubini za kisasa zinazojiendesha zimelikwepa tatizo hilo. Seestar S50, iliyotolewa na kampuni ya ZWO mwaka 2023 kwa takriban dola 500 za Marekani kabla ya ushuru na usafirishaji, hujitafutia shabaha, hupiga picha fupifupi na kuzipanga yenyewe, huku mtu akitazama kwenye simu. Haihitaji Polaris kwa kuwa hugeuka kulia na kushoto, juu na chini. Lakini vyombo vya namna hiyo hutatizika vinapotazama utosini, na utosini ndiko hasa nebula ya Orion hupita hapa kwetu. Ipige saa moja au mbili kabla haijafika huko, au baada ya kupita.

Mvua ni adui wa kudumu. Nyanda za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na nyingi hutokana na unyevu wa Ziwa Victoria unaopanda milimani na kugeuka ngurumo za alasiri. Machi hadi Mei ni bure kwa wengi. Januari na Februari ndiyo miezi ya matumaini, na Julai na Agosti zina vipindi vyake. Wala usiku wa baada ya mvua usidharauliwe, kwa kuwa vumbi na moshi huwa vimesafishwa. Unyevu huohuo, hata hivyo, huleta umande, na lenzi huweza kufunikwa katika muda wa nusu saa bila mpiga picha kujua. Kitambaa kilichofungiwa kifuko cha maji ya vuguvugu na kuzungushiwa lenzi husaidia.

Kuhusu taa, hali haielekei pazuri. Mwaka 2001, Mmarekani John Bortle alichapisha kipimo cha ngazi tisa za giza, ya kwanza ikiwa giza la jangwani na ya tisa katikati ya jiji. Zile taa za mlingoti mrefu ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi zimesambaa katika vituo vya biashara, na serikali za kaunti tangu 2013 zimeongeza nyingine. Mji wa Kisii uko mashariki mwa Suneka, kilomita chache tu, kwa hivyo kila kinachochomoza huchomoza katika mng'ao wake. Mpiga picha mwerevu hungoja kipande utosini au kianze kushuka magharibi.

Sitaki kuwa miongoni mwa wanaolilia giza kwa gharama ya mama muuza mboga anayefunga kibanda saa mbili usiku. Taa zimemletea usalama na mapato. Lakini taa inayomwaga nusu ya nuru yake angani haimsaidii yeye wala mlipa kodi, na kofia ya bati juu ya taa huirudisha nuru ardhini inakohitajika. Taa mpya nyeupe za LED ni mbaya zaidi kwa picha kuliko zile za manjano za zamani, kwa sababu nuru yake husambaa zaidi hewani na haichujiki kwa urahisi.

Limebaki jambo ambalo si la kitaalamu, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Katika Gusii, mtu anayeonekana shambani saa nane usiku, kimya, akiwa na taa nyekundu na kuinamia chombo kisichofahamika, hadhaniwi kuwa mwanasayansi. Atadhaniwa mwizi, au omorogi. Dhana hiyo imeua. Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa hadi kufa eneo la Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo Marani, katika kaunti hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa akifanya lolote baya. Anayemwambia kijana wa Suneka atoke na kamera usiku bila kumtajia hayo hamtakii mema.

Kwa hivyo piga picha katika boma lenu, si katika shamba la mtu wala njiapanda. Mjulishe mapema naibu wa chifu, mzee wa kijiji na balozi wa Nyumba Kumi, ukitaja tarehe na saa. Usiwe peke yako. Uwanja wa ndege, ingawa ni wazi na una upeo mpana, usiukaribie usiku bila idhini, na zile tochi za miale ya kijani za kuelekezea nyota zisielekezwe kamwe penye ndege.

Taa nyekundu hutumiwa kwa kuwa haiyaharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Waelezwe majirani sababu hiyo kabla hawajaiona. Afadhali zaidi, waalike jioni ya kwanza, mapema, watoto wakiwa bado macho. Usianze na Carina wala na majina ya Kilatini. Anza na Kilimia, ambalo kuanzia Novemba hadi Machi huonekana jioni, na ambalo picha 30 za sekunde tano zinatosha kulionyesha kwenye kioo cha kamera na nyota ambazo macho hayawezi kuzihesabu. Ukiwauliza wazee jina wanalolijua na kazi waliyoitumia, watakueleza wenyewe, na kesho yake mtaa mzima utajua kilichokuwa kikitendeka katika boma lenu usiku.